Kamba za Dobi na Zinia za Mkewe

Katika nyumba ya Dobi, sakafu haikauki. Asubuhi mume anafua uani. Mchana mke anapiga pasi katika chumba cha mbele. Jioni wateja wanakuja kuchukua nguo zao, na kila mmoja anataka zake zitoke kwanza. Mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wanafunzi, makoti meupe ya wauguzi, yote hupita katika mikono yao. Wana watoto pacha, wasichana, ambao wakitoka shule hukusanya vibanio vya nguo. Kwa ajili yao mke huitwa Mama Pacha. Mume, nyumbani, ni Baba Pacha. Mtaani ni Dobi tu.

Dobi ni mtu mzuri. Nalisema hili mapema, maana muda si mrefu utamkasirikia, kama nilivyomkasirikia mimi. Hanywi pombe. Hapigi mtu. Harudishi nguo yenye doa. Lakini ana ugonjwa wa mafundi wengi: anadhani kazi anayoijua yeye ni dawa ya kila kitu. Mtoto akikohoa, anamwogesha. Kiti kikilegea, anakisugua kwa sabuni. Mlango ukikwama, anaumwagia maji, na mlango unazidi kukwama.

Tena ana sheria aliyofundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa dobi pia. Doa lisilale. Ukiliona leo, lifue leo. Kesho utalikuta limepanga chumba.

Mvua zilipoanza, Mama Pacha alipanda maua. Yalikuwa maua ya zinia. Zinia ina petali nyingi zilizopangana, na rangi zake ni kali: nyekundu, njano, ya machungwa, ya waridi. Inaota kwa mbegu, inachanua, inatoa mbegu mpya, kisha inakufa, yote katika msimu mmoja. Ni ua rahisi. Hata mtu asiyewahi kushika jembe anaweza kulikuza, mradi asilichokoze.

Mbegu hizo zilitoka kwa mama yake, ambaye alifariki mwaka uliopita. Baada ya mazishi, ndugu waligawana vitanda, sufuria na cherehani. Mama Pacha alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kopo la mbegu lililo juu ya kabati. Kaka yake alicheka mbele ya watu. Yeye hakucheka. Mama yao alipanda zinia zile kila msimu tangu alipoolewa. Alichuma mbegu zake, akazipanda tena, akazichuma tena. Madukani mbegu za zinia zipo, lakini duka haliuzi zinia za mama yako. Zile zikifa, zimekwisha.

Dobi hakuyajua hayo. Siku ya mgawo alikuwa kazini. Mkewe aliporudi na kopo mkononi, Dobi aliuliza chakula kiko wapi.

Basi Mama Pacha akazipanda mbegu zote. Uani palikuwa na nafasi moja tu, kipande chembamba kati ya ukuta na kamba za kuanikia nguo. Alizimwaga hapo kopo zima, kwa hofu. Alijiambia kwamba nyingi zikifa, chache zitabaki. Hakuna iliyokufa. Zote ziliota pamoja, zikabanana kama nywele za mswaki.

Kila asubuhi Dobi alianika mashuka mbele ya miche hiyo. Mashuka yalizuia jua, na maji yake yakadondokea majani. Kila jioni Dobi alimaliza kazi akiwa na beseni la maji ya povu. Kuyamwaga mtaroni aliona ni hasara. Akayamwagia maua.

Baada ya muda majani yakatokewa na mabaka meupe, kama yamenyunyiziwa unga. Mama Pacha hakuyaona mapema. Mchana alikuwa chumba cha mbele na pasi yake, na jioni alikuwa na wateja. Aliyeyaona mabaka ni Dobi. Unadhani aliona nini? Aliona madoa.

Jioni moja Mama Pacha alitoka kuanua mashuka ya mwisho. Alipoyaanua, akamkuta mumewe amechuchumaa, ameshika kitambaa chenye povu. Alikuwa anafuta majani, moja moja, kwa makini kabisa. Majani mengi yalikuwa yamechanika. Mengine yalikuwa ya njano. Upande mmoja miche yote ilikuwa imelala chini.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Natoa madoa," Dobi akajibu bila kugeuka. "Maua yako yamechafuka. Nayafuta kila jioni, jua likishatua. Jua likilikuta doa, linalikausha hapohapo."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Halafu nayasuuza vizuri, juu mpaka chini."

"Nani alikuambia uyafute?"

"Mtu huambiwa kutoa doa?"

Mama Pacha aliweka mashuka chini, kwenye udongo, mashuka yaliyokwisha kufuliwa. Katika nyumba ile jambo hilo halijawahi kutokea. Dobi akasimama.

"Umeyaua," mkewe akasema. "Umechukua kitu changu, umekiua, na hukuniuliza hata neno moja."

"Nilikuwa nasaidia."

"Nilikuomba?"

"Mbona unanikaripia kama mtoto? Ni maua tu, Mama Pacha. Nitakununulia mengine."

Sijui kama umewahi kuambiwa "ni … tu" kuhusu kitu unachokilinda kwa roho yako. Neno fupi, lakini linawasha moto. Mama Pacha akachuma jani moja jeupe, akapita katikati ya mashuka yaliyo chini, akatoka nje ya ua.

Alikwenda nyumba ya tatu, kwa Bibi Mkunga. Huyu ni mkunga mstaafu, na nusu ya watoto wa mtaa ule walilia kwanza mikononi mwake. Hata wale pacha. Ulimi wake ni mkali. Watu husema ulimi ndio uliokuwa ukikata vitovu, mkasi ulikuwa wa kuonyesha tu. Lakini mbele ya nyumba yake zinia huchanua mpaka wapita njia husimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Mama Pacha akamwonyesha jani. Bibi Mkunga akaligeuza, akalinusa.

"Hili linanuka sabuni," akasema.

"Baba Pacha analifua."

Bibi Mkunga akamrudishia jani. "Nitakuja asubuhi," akasema. "Nikija sasa hivi nitamtukana, na mimi nimeacha kutukana watu jioni."

Asubuhi alifika kabla chai haijamiminwa. Alipiga hodi akiwa ameshaingia. Akaenda moja kwa moja nyuma ya kamba, akainama, akashika udongo, akashika majani. Dobi alisimama pembeni na beseni lake. Mkewe alisimama upande wa pili. Hawakuwa wamesemezana tangu jana.

"Baba Pacha," Bibi Mkunga akaanza, "mtoto akiota upele, utamsugua kwa brashi?"

"Hapana, Bibi."

"Basi hili si doa. Ni ugonjwa. Wakulima wanauita ubwiri unga. Ni ukungu unaoota juu ya jani. Ukiufuta leo, kesho umerudi, na kitambaa chako kimeupeleka kwa jirani yake. Unasikia? Ulikuwa unaupeleka jani hadi jani, kila jioni, kama mtu anayegawa kadi za harusi."

"Mimi nilidhani…"

"Bado sijamaliza. Ukungu huu unapenda kivuli. Unapenda mimea iliyobanana, mahali hewa haipiti, unyevu haukauki. Wewe umemwagia majani maji jioni, yakalala yamelowa. Mchana umeyafunika kwa mashuka. Ungetaka kuufuga ukungu, usingeweza kuufuga vizuri zaidi. Na hii sabuni, pamoja na dawa yako ya kung'arishia nguo nyeupe, inaunguza mizizi. Ndiyo maana hizi zimelala."

Dobi akatazama beseni lake. Mama Pacha akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyeshinda kesi. Bibi Mkunga akamgeukia.

"Na wewe usinitazame hivyo. Nani alipanda hapa?"

"Mimi, Bibi."

"Hukuziona kamba? Hukujua kwamba zinia inataka jua, tena jua la kutosha, la zaidi ya nusu ya siku? Nani alimwaga mbegu kama mtu anayelisha kuku?"

"Nilihofia zitakufa."

"Kwa hiyo ukazibana mpaka zikakosa hewa. Umebakiza mbegu ngapi nyumbani?"

Mama Pacha akainamisha kichwa. "Hakuna. Nilipanda zote."

Bibi Mkunga alikasirika kweli sasa. "Mtu hapandi mbegu zote," akasema. "Hata panya ana akiba. Mvua ikikatika, kuku wakiingia, mume akija na sabuni, utapanda nini tena? Unapanda sehemu, unaweka sehemu."

Kisha akakunja mikono ya nguo yake, akaeleza la kufanya. Miche iliyolala na ile iliyojaa unga ing'olewe yote, ichomwe, isitupwe pembeni. Ile mizima ipunguzwe, ibaki michache, kati ya mche na mche iwe shibiri moja. Udongo umwagiwe maji safi mengi, mara moja, ili sabuni ishuke chini. Baada ya hapo, maji ni asubuhi, na ni chini kwenye shina, si juu ya majani. Kabla ya kumwagia, mtu aingize kidole katika udongo. Kidole kikitoka kikavu, amwagie. Kikitoka na udongo wenye unyevu, aende akafanye kazi nyingine.

"Na kivuli?" Mama Pacha akauliza. "Tuzihamishe?"

"Zinia haipendi kuhamishwa. Ukigusa mizizi yake, inanuna. Na hizi ni wagonjwa. Kitakachohama ni kamba."

"Kamba zangu?" Dobi akasema.

"Kwani hapa kuna kamba zangu?"

"Bibi, nakuheshimu. Lakini nguzo hizi alizichimbia baba yangu. Zimekaa hapa tangu enzi nikimbeba ndugu yangu mgongoni. Siwezi kung'oa nguzo za baba yangu kwa ajili ya maua."

Mama Pacha akamtazama mumewe. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha.

"Za baba yako ni urithi. Za mama yangu ni maua tu."

"Za mama yako?"

"Mbegu zile ni za mama. Vitanda walichukua wengine. Mimi nilichukua kopo. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho katika nyumba ile."

Dobi akaweka beseni chini. "Hukuniambia," akasema.

"Hukuniuliza. Nilirudi kutoka kumzika mama yangu, nikiwa na kopo mkononi, ukaniuliza chakula."

Bibi Mkunga akaokota mfuko wake. Alijua wakati wa kuingia chumbani na wakati wa kutoka. Akawaacha.

Ungedhani Dobi aliomba msamaha hapo hapo. Hakuomba. Mtu akigundua kosa lake mbele ya jirani, mara nyingi hulishikilia kwa mikono miwili. Alijifanya hakusikia, akaanika mashuka palepale, kwenye nguzo zilezile.

Mama Pacha akang'oa miche mibovu peke yake, akaichoma. Ilibaki michache tu, mingi ikiwa imepinda. Kisha akaingia chumba cha mbele, akachomoa pasi, akaiweka juu ya rafu. Akakaa mlangoni, mikono mapajani.

"Makoti ya wauguzi hayajapigwa pasi," Dobi akasema.

"Nimeyaona."

"Watakuja jioni."

"Uwaambie ni mikunjo tu."

Jioni wauguzi walikuja wakapewa makoti yaliyokunjamana. Wakaondoka wakinung'unika. Kesho yake Dobi aliamua kupiga pasi mwenyewe. Alikuwa na haraka, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa maji, si moto. Alianza na shuka kubwa jeupe la nyumba ya wageni. Mteja mmoja akamwita mlangoni. Aliporudi, pasi ilikuwa imelala palepale alipoiacha. Alipoiinua, umbo lake lilibaki kwenye shuka, rangi ya kahawia.

Alilikimbiza shuka kwenye maji. Akasugua kwa sabuni ya unga, akasugua kwa sabuni ya kipande. Akaloweka, akasugua tena. Kitambaa kikaanza kutoboka, na alama ikabaki. Mama Pacha alimtazama kutoka mlangoni. Ningependa kukuambia alimhurumia. Hakumhurumia hata kidogo. Aliona haki inatendeka, akafurahi, na mimi simlaumu.

Dobi alikaa chini kando ya beseni muda mrefu. Halafu akainuka, akachukua sururu, akaenda kwenye nguzo ya kwanza.

Nguzo za baba yake hazikutoka kwa urahisi. Alichimba, akatokwa na jasho, akazitikisa, akazilaani, akamwomba marehemu radhi kwa kuzilaani. Pacha walirudi shuleni wakamkuta amejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Alizichimbia upya upande wa pili wa ua, karibu na mlango wa jikoni. Si mahali pazuri. Mpaka leo mtu akitoka jikoni anapigwa usoni na soksi za watu. Lakini jua sasa liliwafikia wale wagonjwa wa ukutani.

Mama Pacha aliona kila kitu, hakusema asante. Aliingia ndani akachomeka pasi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na Dobi alilielewa.

Bibi Mkunga alirudi mara kwa mara kukagua wagonjwa. Majani mapya yalitoka yakiwa ya kijani, bila unga. Dobi aliacha maji ya sabuni yaende mtaroni. Kila asubuhi aliingiza kidole katika udongo kabla ya kugusa kopo la maji, akakitazama kidole kile kwa mashaka makubwa.

Siku moja Bibi Mkunga aliukata mche ncha yake, juu kabisa, kwa kucha. Dobi aliruka.

"Bibi, tumehangaika upone, halafu unaukata kichwa?"

"Ukiwa na majani manne au matano kila upande, unaukata ncha. Utatoa matawi. Matawi mengi, maua mengi. Ukiuacha, utapanda juu mwembamba, na utatoa ua moja, kisha utaanguka kwa upepo."

"Na mbolea?"

"Samadi kidogo, iliyooza vizuri. Ukizidisha, utapata majani ya kulisha mbuzi na maua ya kutafuta kwa taa."

Zikachanua. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzito, pana kama mdomo wa kikombe. Mama Pacha alisimama mbele yake na kikapu cha nguo kiunoni, akalia kwa hasira. Ndiyo, kwa hasira. Alimkasirikia mama yake kwa kufa, kaka yake kwa kucheka, mume wake kwa sabuni, na yeye mwenyewe kwa kumwaga kopo zima. Alipomaliza kulia akaenda kupiga pasi.

"Yakatwe," Bibi Mkunga aliagiza. "Ua likichanua vizuri, likate uweke mezani. Likinyauka, likate. Mmea unachanua ili upate mbegu. Ukiukatia, unasema haujapata, unachanua tena. Ila maua yale mazuri kuliko yote usiyaguse. Hayo ni ya mbegu. Yaache yakauke juu ya shina mpaka yawe ya kahawia kabisa."

"Tutayajuaje?" Mama Pacha akauliza. "Pacha watayakata. Na huyu naye simwamini."

Dobi alikuwa amesimama nyuma yao. Kila mteja wake ana rangi ya uzi, na Dobi hushona uzi huo pembeni ya nguo ili isipotee. Nyumba ya wageni ni nyekundu. Wauguzi ni bluu. Dobi akatoa kibweta cha nyuzi mfukoni. Akataka kuchagua, kisha akajizuia.

"Mama Pacha," akasema, "nifunge rangi gani?"

Mkewe akamgeukia. "Zambarau," akasema. "Hakuna mteja mwenye zambarau."

Akafunga uzi wa zambarau chini ya kila ua ambalo mkewe alilinyooshea kidole, na hakuna aliyeyagusa.

Maua yalikauka juani. Siku isiyo na mvua waliyakata vichwa, wakavianika kwenye kitambaa kivulini. Kisha wakakaa katika chumba cha mbele kuvipukuchua. Mbegu za zinia ziko chini ya petali zilizokauka, bapa, zenye ncha kama mkuki mdogo. Mama Pacha alizigawa mafungu. Moja la kupanda mvua zijazo. Moja la akiba, katika kopo kavu lenye kifuniko. Moja la kumpelekea Bibi Mkunga, ili nyumba moja ikipatwa na janga, nyumba nyingine iwe nazo.

"Bado nimekukasirikia," akamwambia mumewe, akiendelea kupukuchua.

"Najua."

"Imepungua. Haijaisha."

"Najua."

Wakaendelea. Pasi ilikuwa imechomekwa pembeni, na makoti ya wauguzi yalikuwa yanasubiri. Dobi alishika mbegu moja kati ya vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji.

"Mama yako," akauliza, "yeye alikuwa anazipanda upande gani wa nyumba?"

Mama Pacha akaacha kupukuchua. Tangu siku ya mazishi, hakuna mtu katika nyumba ile aliyemuuliza chochote kuhusu mama yake. Akanyoosha mkono, akachomoa pasi ili makoti yasubiri, akaanza kumweleza.